Nyama ya Mavara

Mimi simwamini mtu asiyekula nyama. Awe mlokole, awe mgonjwa, nitamtazama mara mbili. Ndiyo maana Zivanai alianza kunikera tangu wiki yake ya kwanza. Tulikuwa tumekaa chini ya mawe ya Chimvuri kupumzika baada ya doria ya asubuhi. Nikafungua kifurushi changu, nikampa kipande kinono cha chimukuyu, ile nyama yetu ya kukausha kwa chumvi. Akakitia mdomoni, akatafuna kidogo, akasita. Kisha akageuka pembeni na kukitema majanini.

"Vipi?" nikamuuliza. "Nimeweka sumu?"

"Hapana, Shangazi. Jino tu linauma."

Jino! Kijana ana meno yamepangika kama mahindi machanga, ananiambia jino. Nikaokota kipande kingine nikakitafuna mbele yake taratibu, aone anachokosa. Yeye akatoa bisi za mahindi mfukoni akawa anatafuna hizo, tena kwa jino lile lile linalouma. Nikalitia moyoni.

Mimi ni Sekesai, wa ukoo wa Mhofu, na mabinti wa ukoo huu tunaitwa Chihera. Muulize mtu yeyote Zimbabwe, atakwambia Chihera ni mwanamke wa namna gani: mdomo hauna breki, na mume hujua mwenyewe saa ya kunyamaza. Mume wangu alijua, Mungu amrehemu. Mnyama wa ukoo wetu ni pofu, yule swala mkubwa anayekaribia ng'ombe kwa umbo. Hatumwui wala hatumli. Ukimla, meno yako yatang'oka moja baada ya jingine, na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Kwa hiyo shirika la uhifadhi lilipokuja bondeni kwetu kutafuta watu wa kujitolea kuwalinda pofu wa Chimvuri, kijiji hakikuumiza kichwa. Waende Mhofu. Watu wa koo nyingine wapewe kazi ya kupanda miti na kuzima moto, lakini kwenye bonde la pofu asikanyage mtu ambaye mdomo wake unaruhusiwa nyama ile. Fisi hapewi bucha. Bwana Nhekairo, mkuu wa shirika, mtu wa mjini, alicheka kwanza. Tulipomweleza vizuri akasema ni utaratibu mzuri kuliko wake. Mimi nikawekwa kuwa kiongozi. Hatulipwi. Tunapewa mabuti, kofia na fulana ya kijani, na jirani zetu hutucheka kwamba tunatumika bure kama punda wa kanisa. Wacheke. Mimi nikiwasikia pofu wanakuja mtoni asubuhi, magoti yao yakilia ka, ka, ka kabla hujawaona, nasikia raha ambayo sijaipata kwingine tangu nibaki mjane.

Mwaka huu kiangazi kilipoingia, pofu wetu wakaanza kufa. Tulikuta mtego wa waya, tukakuta damu, tukakuta tumbo limemwagwa na kwato zimeachwa. Kisha tena. Kisha tena. Bwana Nhekairo akatuita, akakunja mikono, akasema shirika limeamua: wakiendelea kuuawa hivi, kabla ya mvua atakuja na malori kuwachukua wote, awapeleke kwenye hifadhi ya kusini yenye uzio wa umeme.

"Wote?" nikauliza.

"Wote, Chihera. Afadhali wawe hai mbali kuliko wafe mikononi mwenu."

Maneno yale, "mikononi mwenu", yalinichoma kuliko habari ya malori. Nilirudi nyumbani sikula.

Na kilichonitia wazimu ni kwamba mtegaji alijua njia zetu. Tukipita mgongo wa mlima leo, mtego unawekwa kando ya mto. Kesho tukienda mtoni, mtego uko mlimani. Huyo si mwizi wa kupapasa. Huyo anajua asubuhi tutakuwa wapi. Na waliojua ni sisi tu: mimi, binamu zangu wawili wazee ambao hata kuinama kuvaa buti ni shughuli, Rudairo, binti wa kaka yangu, na huyu mgeni Zivanai.

Zivanai alitoka Mwenezi, mbali huko kusini. Alikuja na begi moja, akajitambulisha kuwa ni Mhofu, akaitaja sifa ya ukoo mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Nilimpokea kama mwanangu. Aliniita Shangazi papo hapo, nami nikaitika. Alikuwa mchapakazi, hilo silikatai. Alikuwa wa kwanza kuona waya na wa mwisho kulalamika kiu. Lakini alikuwa na mambo. Nyama hali. Mchana tukipumzika, anapotea. Ukimuuliza ametoka wapi, anakujibu huku anatazama viatu.

Jioni nilikuwa nikipita kwa kaka yangu Kundishora, baba yake Rudairo, kunywa chai. Yeye ndiye mkubwa wetu, mtunza sifa za ukoo. Msiba ukitokea, harusi ikitokea, yeye ndiye anayesimama kututajia mababu. Mguu wake ulimzuia kutembea doria, basi mimi nilimpelekea habari zote: leo tumepita hapa, kesho tutapita pale, fulani yuko hivi, fulani vile. Nani mwingine ningemwambia? Mtoto wa mama yangu.

"Dada," alisema, akinimiminia chai, "mgeni ni mgeni, hata akijua kutaja babu zako."

"Lakini alitaja vizuri."

"Hata kasuku hutaja vizuri. Mtazame huyo kijana. Akipotea mchana, anakwenda wapi?"

Kila nilipoondoka alinifungia chimukuyu kwenye gazeti. Maksai wake Mavara, yule wa madoadoa mwenye pembe moja iliyolala, alikuwa ameanguka korongoni akavunjika mguu, ikabidi achinjwe. Nyama ilikuwa nyingi. Dukani wakauza, mimi nikapewa, hata watu wa doria wakala. Kaka mwenyewe alikula sadza, ugali wetu, na dagaa wakavu. Alisema gauti imemkataza nyama. Nilimwonea huruma, maana tangu utotoni tulikuwa tunamfukuza chunguni.

Basi nikaanza kumfuatilia Zivanai. Ukitaka kumfuata mtu porini, vua buti. Nilivua zangu, nikazifunga kamba shingoni, nikamfuata mchana mmoja alipojitenga kimyakimya. Alipita kichaka cha mopane, akateremka hadi kwenye josho la zamani ambalo halitumiki tena. Nikasema leo ndiyo leo, nitaikuta waya yake na kisu chake na mzoga. Nikachungulia juu ya ukuta wa josho.

Nilimkuta na Rudairo. Wamekaa kwenye ngazi za josho, wameshikana mikono, binti kaegemeza kichwa begani.

Sijui nilirukaje ukuta ule kwa umri wangu.

"Ruda! Mungu wangu! Huyo ni kaka yako!"

Rudairo akasimama, lakini hakuuachia mkono. "Si kaka yangu, Shangazi."

"Mhofu na Mhofu! Mnataka kutulaani? Mnataka mvua isinyeshe mpaka tufe?"

"Shangazi, msikilize kwanza."

"Nimsikilize nini? Wewe, kijana, nilikuita mwanangu!"

Zivanai alikuwa amebadilika rangi. Akapiga makofi ya heshima, viganja vimekunjwa, kama mtu anayeingia kwa wakwe.

"Mama," akasema, "mimi si Mhofu. Ni Soko."

"Soko? Ukoo wa nyani?"

"Ndiyo."

"Nilijua kuna mkia mahali! Na ile sifa yote uliyonitajia?"

"Nilifundishwa na bibi mmoja jirani yetu. Nimesomea wanyama chuoni, Mama, kazi hakuna. Nilisikia huku mnapokea wa kujitolea, lakini bondeni wanaingia Mhofu tu. Nikasema nitajitaja hivyo miezi michache, niwaone pofu, nipate barua ya kuonyesha nimefanya kazi. Sikujua kama nitakutana na Rudairo."

Huo ndio ulikuwa utetezi wake. Mwongo amenaswa kwa mdomo wake, halafu anataka nimwonee huruma kwa sababu amependa! Mimi kichwani nilikuwa nimeshamaliza hesabu. Mtu wa Soko anakula pofu bila shida. Amedanganya ukoo ili aingie bondeni. Anajua njia zetu. Anapotea mchana. Ningehitaji nini tena?

Nikamswaga mpaka kwa sabhuku, mkuu wa kijiji, Rudairo akitufuata huku analia na kunibembeleza. Watu wakajaa. Bwana Nhekairo akaitwa kwa simu, akaja na gari lake. Kaka yangu Kundishora akasimama kwa fimbo yake, akaongea kwa upole uliowatoa machozi wazee. Alisema hana chuki na kijana, ila anayeiba jina la ukoo hashindwi kuiba mnyama wa ukoo. Watu wakaitikia kwa kishindo.

Bwana Nhekairo alikuwa anasitasita. "Waya hamjamkuta nayo. Nyama hamjamkuta nayo."

"Uongo tumemkuta nao," nikamjibu. "Au nao unataka tuupige picha?"

Zivanai hakujitetea. Alivua buti akaziweka miguuni pangu, akaweka kofia juu yake, akavaa kandambili. Alimtazama Rudairo. Kisha akanigeukia, na hapo hakuniita tena Shangazi.

"Mama Chihera, ile nyama ya chimukuyu. Usile."

"Nyama gani?"

Akafungua mdomo. Akamtazama kaka yangu, akamtazama tena Rudairo, akaufunga. "Usile tu, Mama."

"Haya! Sasa Soko ananipangia na kitoweo!" nikasema, na watu wakaangua kicheko. Alibeba begi lake akashika njia ya lami. Nilimtazama mpaka akapotea, nikiwa na furaha ya mtu aliyetoa mwiba mguuni.

Rudairo aliacha kusema nami. Alikuja doria kama kawaida, akatembea nyuma yangu, akajibu ndiyo au hapana. Mimi sikujali. Mitego ilikuwa imekoma. Siku zilipita bila waya hata moja, na kijijini nilitembea kifua mbele. Kaka alicheka akaniambia, "Unaona? Za mwizi arobaini," akanifungia chimukuyu nyingine.

Halafu asubuhi moja tukafika mtoni tusisikie ka, ka, ka ya magoti. Kimya. Kwenye matete tulimkuta ndama amesimama peke yake, hakimbii hata tulipomkaribia. Hatua chache mbele yake palikuwa na damu iliyoganda na kwato nne. Alikuwa yule jike mkubwa mwenye sikio lililochanika, mama yao wote, niliyemjua kwa miaka. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, na binamu zangu wazee wakaona haya wakageuka kando.

"Zivanai yuko Mwenezi," Rudairo akasema nyuma yangu. Lilikuwa neno lake la kwanza refu baada ya muda mrefu. "Jana alikuwa msibani kwa babu yake, mbele ya ukoo mzima. Kama huniamini, piga simu."

Sikupiga. Nilimwamini, na ndilo lililoniogofya. Maana kama si yeye, basi aliyekuwa anatutega yuko bado kati yetu, anakunywa maji ya kisima chetu, na mimi nimemfukuza mtu bure. Nilianza kumtazama kila mtu kwa jicho la upande. Binamu yangu akikohoa, ninajiuliza anakohoa nini. Mwenye duka akinisalimia kwa uchangamfu, nauliza kwa nini leo. Hata kanisani niliwatazama watu mikono badala ya kufumba macho. Bwana Nhekairo alikuja akatazama damu, hakugomba. Alisema tu malori yatafika mwisho wa mwezi.

Kundi lililobaki lilikuwa limetishika, likavuka mto Nyamusanga kuingia upande wa kijiji cha jirani. Ikabidi tulifuate tulirudishe kabla halijaingia kwenye mashamba ya watu. Mimi na Rudairo tulivuka pamoja, hatusemeshani. Tukapita kwenye boma moja, mkokoteni wa kuni unatoka, unavutwa na maksai wawili.

Mmoja alikuwa wa madoadoa. Pembe moja imelala.

Nilisimama nikadhani jua limenipiga. Nikamwita, kama tulivyokuwa tukimwita akilima shamba letu.

"Mavara!"

Maksai akasimamisha masikio, akanigeukia.

Mwenye mkokoteni akacheka. "Kumbe mnajuana! Huyu ni wa Mhofu Kundishora, wa ng'ambo. Amenipa nimtunze, nimtumie kazi. Yuko kwangu tangu mavuno."

"Tangu mavuno?"

"Tangu mavuno, Mama. Mzima kabisa, kama unavyomwona."

Kupeana ng'ombe wa kutunza si ajabu kwetu, kila mtu hufanya. Nilimshukuru nikaendelea mbele mpaka mahali ambapo hawezi kuniona, nikashika mti. Kama Mavara anavuta kuni, basi nyama iliyokuwa kwenye gazeti ilikuwa ya nani? Nami niliila mlimani, niliila nyumbani, niliimung'unya nikiwa nafanya doria. Na hakuna hata mmoja wetu bondeni ambaye angeweza kujua, maana hakuna Mhofu aliyewahi kuonja ile nyama. Wenyewe tulijipanga hivyo, watu wote wasioijua ladha tukawekwa mahali pamoja, na tukajisifu kwa akili.

Nikamkumbuka Zivanai akitema majanini.

"Mpigie," nikamwambia Rudairo.

"Nani?"

"Unamjua. Mpigie, uweke sauti ya nje."

Zivanai alipokea upesi, akidhani ni binti peke yake, akaanza na maneno matamu. Nikamkatiza.

"Kijana, ni mimi. Niambie ile nyama ilikuwa nini."

Nikasikia jogoo wa kwao.

"Mama, baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la wanyamapori. Posho yetu ilikuwa nyama. Pofu nimekula tangu naota meno. Siwezi kuikosea."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Mhofu gani anayejua ladha ya pofu? Ningefumbua mdomo tu, ningekuwa nimejitaja. Na siku uliponipeleka kwa sabhuku…" Akasita. "Ile nyama ilitoka kwa baba yake Rudairo, Mama. Ningesimama mbele yake nikamtaja baba yake?"

Rudairo alizima simu. Hakulia. Alikaa kwenye mchanga wa mto akayakumbatia magoti yake, na mimi nikakaa kando yake.

"Utafanya nini, Shangazi?" akauliza baadaye.

Damu ni nzito, waliosema hivyo hawakukosea. Ningeweza kwenda kwa kaka nikamwambia faraghani aache, nimejua, tuyamalize ndani. Malori yangekuja yakawachukua pofu, na yeye angeendelea kusimama misibani kutaja mababu, na mimi ningeitikia. Jela ya kuua mnyama wa hifadhi si ya mchezo, na yule ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto huu huu nikienda shule. Nililitafakari hilo njia nzima ya kurudi. Lakini nilikuwa naona ndama yule aliyekataa kukimbia, na nilikuwa nasikia ulimi wangu mdomoni kama si wangu.

Kesho yake, siku ya mkutano wa kuagana na pofu, nilipika. Kifurushi cha mwisho cha gazeti nilikuwa nacho. Nikaiunga nyama kwa siagi ya karanga, chakula ambacho kaka yangu angeuza shati akipate, nikasonga sadza, nikabeba sahani mbele ya watu wote pale kwa sabhuku. Bwana Nhekairo alikuwa ameshafika na karatasi zake. Nilipiga magoti mbele ya Kundishora kama dada anavyopaswa, nikamnawisha mikono.

"Kula, Kaka."

Akacheka. "Dada, leo ni siku ya majonzi, nitakulaje?"

"Nimepika kwa mikono yangu. Kidogo tu."

"Unajua gauti yangu."

"Kipande kimoja hakijawahi kumuua mtu. Ni Mavara huyu. Si wewe uliyeniambia?"

Watu walianza kusikiliza. Mzee mmoja akamtania, "Mhofu, kula bwana, au sisi tukusaidie?" Akanyoosha mkono kwenye sahani. Nikamzuia.

"Hapana, Mzee. Wewe usiguse. Wewe ni Mhofu."

Kaka akaitazama sahani, mikono yake bado inadondosha maji. Hakuigusa.

"Jana nimemwona Mavara," nikasema. "Ng'ambo, anavuta kuni. Mzima wa afya. Sasa nauliza mbele ya sabhuku: hii ni nyama ya nani? Kama ni ya ng'ombe, kula tonge moja, nami nitakuomba radhi nikitambaa."

Angeweza kula. Tonge moja tu lingemwokoa, na mimi ningekuwa kichaa wa kijiji. Lakini mkono haukwenda. Tulilelewa na mama mmoja, na najua aliyotuambia kuhusu meno.

"Mimi mdomo wangu ni safi," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, kama anajitetea kwa mababu na si kwetu. "Nimeuza tu. Sijaonja hata uzi mmoja. Mababu ni mashahidi."

Mtu mmoja nyuma akaanza kutapika. Wengi walikuwa wamenunua dukani.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi ulinipa kwa mkono wako, ukanifungia na gazeti."

Akaniangalia, na naapa alinionea huruma. "Wewe hukujua, Dada. Asiyejua hana kosa. Nyumba nzima ina nyama inaning'inia, nisingekupa ungeuliza. Wewe unauliza kila kitu."

Nikasimama. Nikamgeukia Bwana Nhekairo nikamwambia awaite askari wa wanyamapori, huyu ndiye, na njia zetu nilimpa mimi mwenyewe kila jioni kwenye chai. Kisha nikatoka nyuma ya banda la sabhuku, nikaingiza vidole kooni, na hakikutoka kitu.

Malori hayakuja. Pofu wako Chimvuri, na ndama yule amepokewa na jike mwingine. Zivanai amerudi, anavaa buti zake, anaitwa Soko mchana kweupe na hakuna anayemkataza kuingia bondeni. Alileta posa kwa ajili ya Rudairo, na kwa kuwa mimi ndiye shangazi wa binti, ilibidi nimpokee. Alipiga makofi mlangoni, nikamwacha asubiri kidogo, kisha nikamwomba radhi kabla hajaingia. Aliitikia kwa adabu. Hajaniita Shangazi tena, ananiita Mama Chihera, na sijathubutu kumuuliza lini atabadilisha.

Kaka yuko jela mjini. Nilikwenda kumwona mara moja. Amekonda, lakini alipocheka niliona meno yake yote yapo, meupe, sawasawa, na mlinzi akaniambia mzee huyu hali nyama kabisa.

Yangu nayo yapo. Kila asubuhi kabla sijavaa buti nayapitia kwa ulimi, moja moja, nikitafuta lililoanza kulegea, na sipati.